Kimeta: Usimpasue Ng'ombe Aliyekufa Ghafula

Mkulima, ukimkuta ng'ombe wako amekufa asubuhi, naye jana jioni alikula na kucheua kama kawaida, usichukue kisu. Mtazame kwanza bila kumgusa. Je, tumbo limevimba upesi? Je, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma? Basi huenda ni kimeta. Mwite Afisa wa Mifugo mara moja.

Labda utasema, "Huyu ni mali yangu. Nikiuza nyama na ngozi nitapata angalau shilingi kidogo." Soma kwanza habari za kijidudu kinacholeta ugonjwa huu, halafu ufanye hesabu yako.

Kijidudu cha kimeta ni namna ya bakteria, na hakionekani ila kwa darubini. Mwaka 1876 Daktari Robert Koch wa Ujerumani alionyesha kwamba ndicho kinacholeta ugonjwa, tena kwamba kina maisha ya namna mbili.

Maisha ya kwanza ni ndani ya mnyama. Kijidudu hutambua joto la mwili na hewa ya kaboni iliyomo ndani yake. Ndipo huvaa koti la kujikinga na askari wa damu, na kutengeneza sumu inayoua.

Maisha ya pili ni nje. Chakula kikipungua na hewa safi ikikifikia, kijidudu hujifunga ndani ya ganda gumu, kikawa kama mbegu. Mbegu hiyo haili wala haikui. Jua kali, ukame na dawa nyingi haziiwezi. Hungoja tu udongoni mpaka ng'ombe ailambe au aile pamoja na majani, kisha huamka.

Tena hungoja muda mrefu. Mwaka 1942 Waingereza walijaribu kimeta kama silaha katika kisiwa cha Gruinard huko Uskoti. Kisiwa kilifungwa, kikasafishwa kwa dawa kali mwaka 1986, na watu hawakuruhusiwa kukanyaga bila hofu mpaka 1990.

Sasa fikiri juu ya kisu chako. Ndani ya mzoga uliofungika hamna hewa safi, na vijidudu vingi hufa nyama inapooza. Ukiupasua, damu humwagika, hewa hukifikia kila kijidudu, na shamba lako umelipanda mbegu za kimeta. Katika skimu mashamba yamepakana na ng'ombe hunywa mto mmoja. Kwa hiyo hasara haitakuwa yako peke yako.

Watu pia huugua kwa kuchuna au kula mnyama wa namna hiyo. Ukiona kidonda kisichouma chenye gaga jeusi katikati, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ipo, lakini haifai kuchelewa.

Fanya hivi:

1. Usipasue, usichune, usile, wala usiuze nyama.
2. Zuia mbwa, fisi na ndege wasiuguse mzoga.
3. Mwite Afisa wa Mifugo. Yeye ataongoza kazi ya kuuteketeza kwa moto, au kuuzika katika shimo la futi 6 au zaidi.
4. Wahamishe ng'ombe wengine mahali pale.

Kinga iliyo bora ni sindano ya chanjo kila mwaka. Chanjo inayotumika sana ilitokana na kazi ya Max Sterne katika Afrika Kusini, miaka ya 1930. Alipata kijidudu kilichopoteza lile koti lake, hata mwili wa ng'ombe hukishinda na kujifunza kupigana. Kwa kuwa chanjo hiyo ni hai, usimpige ng'ombe sindano ya penisilini siku zile zile, maana utaiua chanjo.

Ng'ombe mmoja aliyekufa ni hasara ya mwaka mmoja. Udongo wenye kimeta ni hasara watakayorithi watoto wako.