Ngazi ya Mlo: Shibe Hupungua, Sumu Huongezeka

Majuzi mama mmoja wa mtaa wa Free Area, Nakuru, alimleta kwangu mwanawe wa miaka mitatu aliyekuwa na homa. Baada ya kumpa dawa, mama aliuliza swali ambalo wengi wamewahi kuniuliza: "Daktari, samaki wa ziwa letu wanauzwa bei nafuu. Tunaambiwa wana sumu, lakini ndege wanawala kila siku na hawafi. Ukweli ni upi?"

Ili tulijibu swali hili, yafaa kwanza tuelewe jinsi chakula kinavyosafiri kutoka kiumbe kimoja hadi kingine.

Nguvu zote tunazokula hutoka kwa jua. Katika Ziwa Nakuru, mwani mdogo wa kijani uitwao spirulina hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Heroe, ndege ambao wengi wetu twawaita flamingo, huchuja mwani huo kwa midomo yao. Heroe mmoja hula yapata gramu 60 za mwani, ukipimwa ukiwa mkavu, kwa siku. Miaka ambayo ziwa lilikuwa na heroe milioni moja, walimaliza kama tani 60 kila siku!

Mbona heroe walikuwa wengi hivyo, ilhali furukombe, yule tai mla samaki, ni wachache? Ni kwa sababu kila kiumbe hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kupumua, kutembea na kupata joto, na kingine hutoka kama kinyesi. Kwa kukadiria, ni sehemu moja tu kati ya kumi inayogeuka kuwa mwili ambao mwingine aweza kuula. Kilo 1,000 za mwani hutoa kama kilo 100 za samaki, na kilo 100 za samaki hutoa kama kilo 10 za ndege. Kila kipandio cha ngazi, shibe hupungua. Ndiyo maana pia nyama ni ghali kuliko maharagwe.

Lakini sumu nyingine hazifuati sheria hiyo. Zebaki, kwa mfano, ikishaingia mwilini hutoka polepole mno. Samaki mdogo huikusanya kutoka kwa anachokula. Samaki mkubwa humla mdogo na kurithi akiba yote. Chakula kinapungua, zebaki inaongezeka. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na mwaka wa 1956 iligunduliwa kwamba walaji samaki walikuwa wakiugua mishipa ya fahamu. Watoto wengine walizaliwa wakiwa na akili zilizodhurika, ingawa mama zao walionekana wazima.

Ziwa Nakuru lina hatari yake ya pekee. Maji huingia kutoka Mto Njoro na mitaro ya jiji, lakini hayana pa kutokea ila kupaa kama mvuke. Madini mazito yaliyokokotwa kutoka gereji, viwanda na takataka hubaki humo. Tangu miaka ya 2010 maji yamepanda na chumvi ikapungua. Heroe wengi walihamia Bogoria na kwingineko, na samaki wa maji baridi wakaongezeka. Hao ndio wanaovuliwa kwa siri, kwani ziwa liko ndani ya mbuga ya wanyama.

Kuhusu ndege, si kweli kwamba hawafi. Miaka ya 1990 maelfu ya heroe walikufa Nakuru na Bogoria. Watafiti walipata madini mazito na sumu za mwani katika miili yao, ingawa magonjwa pia yalishukiwa.

Wewe pia, msomaji, uko juu ya ngazi hiyo, nawe unaishi miaka mingi ya kukusanya. Madini ya risasi hujificha mifupani na kudhuru ubongo wa mtoto bila homa wala maumivu ya kukushtua. Kuchemsha au kukaanga samaki hakuondoi risasi wala zebaki.

Je, tule nini?

Kwanza, muulize mwuzaji samaki wake wametoka wapi. Asipokuwa na jibu la kuaminika, usinunue, hasa ikiwa una mimba au una watoto wadogo.

Pili, kula chini kwenye ngazi. Omena huishi muda mfupi na hula vijidudu vya majini, kwa hivyo hukusanya sumu kidogo kuliko samaki wakubwa wawindaji. Wakiliwa wazima huupa mwili protini na madini ya kujenga mifupa. Maharagwe, ndengu na githeri viko chini zaidi, na bei yake yaonyesha hivyo.

Tatu, usitupe betri kuukuu wala oili chafu mtaroni. Vitateremka ziwani na huenda vikarudi kwako sahanini.

Yule mama nilimwambia hayo hayo. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi daktari, leo ni omena."