Mita 5,895, kutoka bahari ipi?

Namba tuliyoizoea kwa Kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, ni ya wapimaji Waingereza wa mwaka 1952. Mwaka 1999 wapimaji walipanda na GPS wakapata 5,892.55. Mwaka 2008 wengine wakaja na 5,890.79. Ukiyataja hayo Moshi, jibu la haraka ni kwamba barafu inayeyuka. Hapana: kilele chenyewe ni mwamba na changarawe, wala hakijavaa barafu. Kilichotofautiana zaidi ni bahari iliyoingizwa kwenye hesabu.

GPS haiijui bahari. Hupima kutoka umbo laini la dunia lililochorwa kihesabu, na kwa umbo hilo kilele kina mita 5,875 hivi. Maana yake, bahari ingeweza kupenya mpaka chini ya mlima, uso wake ungekaa mita 15 hadi 17 chini ya umbo hilo. Mvutano wa dunia haulingani kila mahali, na maji huufuata. Kusini mwa Sri Lanka uso wa Bahari ya Hindi umezama takriban mita 100 chini ya umbo hilo, na meli hupita pale bila nahodha kuona mteremko wowote.

Mabonde hayo yanapimwa kutoka angani. TOPEX/Poseidon, setilaiti ya Marekani na Ufaransa, ilirushwa mwaka 1992 ikazunguka kilometa 1,336 juu. Ilipiga wimbi la rada, likagonga maji na kurudi. Nusu ya muda wa safari hiyo ndiyo inayotoa umbali. Mahali setilaiti ilipo hujulikana kwa leza na vipimo vingine, kwa hiyo kinachobaki ni kutoa umbali huo. Kutoa huko kuna kazi: hata mvuke wa hewani huchelewesha wimbi, ikabidi chombo kingine kiupime. Sentinel-6 Michael Freilich, ya mwaka 2020, inaendeleza kazi hiyo kwenye njia ileile, na kosa lake ni sentimita chache tu.

Tatizo ni kwamba bahari huishia ufukweni Tanga. Chini ya mlima lazima ikadiriwe kwa mvutano, kwa msaada wa setilaiti kama GRACE na GOCE pamoja na vipimo vya mlimani penyewe, kwa sababu mwamba wote ule nao unavuta. Humo ndimo zinamojificha zile karibu mita mbili kati ya 1999 na 2008.

Bahari kweli inapanda: wastani wa sentimita 10 hivi duniani tangu 1993. Hizo ukizitoa zote kwenye urefu wa mlima, hujafikia hata sehemu ya kumi ya tofauti hiyo.