Motere ya gari: lita ngapi zitatoka ku mushahara?

Kila mara kampuni zinapolipa primi ya mwisho wa mwaka, batu wanajaa ku biro ya sendika, na si kwa mambo ya kazi. Ulizo ni lile lile: «Delege, ninunue gari gani?» Na mbele nifungue kinywa, mutu amekwisha kunionyesha foto ku telefoni: Harrier nyeusi, ao RAV4, iko inamungoja Kasumbalesa. Bei ya kununua anaijua mpaka dola ya mwisho. Ukimuuliza inakunywa lita ngapi kwa kilomita 100, anacheka.

Wandugu, hapo si pa kucheka. Gari unainunua mara moja, lakini esansi unainunua kila juma. Tuchukue mutu anayekaa mu Kolwezi na kutumika ku karyeri iliyo kilomita 25 kutoka nyumbani. Kwenda na kurudi ni 50. Akifanya posti 24 kwa mwezi, ni kilomita 1,200, bila kuhesabu kanisa, soko na matanga. Gari yenye motere ya lita 1.5, kama iko nzima, inakunywa karibu lita 7 kwa kilomita 100: lita 84 kwa mwezi. Harrier ya lita 3.0 kwa njia ile ile inaweza kukunywa 13: lita 156. Tofauti ni lita 72, maana yake zaidi ya bidoni 3 za lita 20 kila mwezi. Kwa mwaka ni lita 864. Ninahesabu kwa lita kwa sababu bei ya pompu inawekwa na serikali na inabadilika. Weka bei ya leo wewe mwenyewe, kiisha tia pembeni feza ya masomo ya watoto wako, uangalie.

Tena primi ya transport haiangalii motere. Ukiendesha ndogo ao kubwa, unapata ile ile sawa mwenzako anayepanda bus. Wengi wanafikiri tutaweza kwenda kuzungumza na kampuni juu ya esansi yao. Tunazungumza juu ya bus iliyo salama kwa posti ya usiku, na tutaendelea kuzungumza. Lakini hakuna meza ambako delege atatetea motere ya silandre 6.

Sasa hizi namba zinasema nini? 1.3, 1.5, 2.0, 3.0 ni nafasi iliyo ndani ya silandre zote pamoja, pale pistoni zinapopanda na kushuka. Motere ya Toyota Ist iliyo 1.5 iko na silandre 4, jumla sentimita za ujazo 1,496. Harrier ya 3.0 iko na silandre 6, jumla 2,994. Kila mzunguko, nafasi kubwa inavuta hewa nyingi, na hewa nyingi inadai esansi nyingi. Hata ukisimama mbele ya kizuizi cha karyeri ukingoja lamuzi wa mulinzi, zile silandre 6 ziko zinakula.

Basi, mutu ataniambia, ninunue ndogo kabisa, Vitz ya lita 1.0, mambo yaishe. Hapana. Hapa njo wengi wanapodanganyika upande wa pili. Inchi yetu ya shaba iko juu: Lubumbashi ni zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi zaidi ya 1,400. Hewa ya huku ni nyepesi. Motere ya esansi isiyo na turbo inapoteza zaidi ya moja kwa kumi ya nguvu yake. Gari ile ile iliposhuka ku meli mu Dar es Salaam ilikuwa na nguvu zake zote. Kufika kwako imekwisha kuacha sehemu njiani, na hakuna makanisie atakayekurudishia. Sasa uipakie wanaume watano na mabegi yao, upande mulima upande wa Likasi: mguu uko chini kabisa, motere inalia. Na mguu ukiwa chini kabisa, ubongo wa motere unaongeza esansi kupita kipimo cha kawaida. Motere ndogo iliyochoka inaweza kukunywa sawa ile ya 1.5, na itazeeka mbele yake.

Kwa hiyo mimi shauri langu ni hili. Ukienda kazi wewe mwenyewe ao na mwenzako mmoja, mu muji na barabara ya lami, 1.3 inatosha. Ukibeba watu 4 ao 5 kila siku, chukua 1.5. Ukikaa mbali na lami, na masika inageuza njia yako kuwa matope, hapo 2.0 yenye kuvuta magurudumu manne iko na sababu, na lita 10 ao 11 kwa kilomita 100 usizishangae. Kupita hapo, ni gari ya kuonekana ku harusi. Sikatazi. Ninasema tu jina lake.

Juu ya mazuti, batu wanapenda kwa sababu wanaona dumper na Land Cruiser za kampuni. Ni kweli motere ya mazuti inakula kidogo kwa kazi nzito, na turbo inaisaidia ku urefu wa inchi yetu. Lakini injektere za siku hizi hazipendi uchafu, na bei yao inaweza kumeza mushahara wa mwezi. Kampuni iko na karakana na magazini ya vipuri. Wewe uko na fundi wa pembeni ya barabara.

Mbele ya kutoa feza, fungua kapo. Ku magari ya Toyota yanayotoka Japani kuna kibao kidogo cha chuma chenye namba ya motere na ujazo wake. Usiamini maandishi ya nyuma ya gari wala maneno ya komisioneri. Kama ku mufuniko wa motere kumeandikwa D-4, ujue esansi inaingia moja kwa moja ndani ya silandre kwa presha kubwa, na pompu yake haivumilii esansi chafu. RAV4 nyingi za 2.0 za miaka ya 2000 ziko hivyo. Angalia tena nguvu za CV ku karte rozi, maana vinyeti nayo inapanda kufuatana nazo. Na kama muuzaji anakuonyesha karatasi ya Kijapani yenye kusema kilomita 16 kwa lita, gawanya 100 kwa 16: ni lita 6 na robo kwa kilomita 100. Ile ilipimwa ndani ya nyumba, bila mulima, bila vumbi, bila shemeji nyuma. Ongeza moja ao mbili.

Ukishanunua, pima mwenyewe. Jaza tanki mpaka pompu ijikate. Andika kilomita. Tembea juma moja ao mbili, rudi ku pompu ile ile, jaza tena mpaka ijikate. Lita ulizotia, zidisha kwa 100, gawanya kwa kilomita ulizotembea. Ukitia 38 kisha kilomita 500, ni 7.6. Mushale wa tableau si kipimo. Mutu anayetia lita 5 kwa bakadhafi leo na lita 5 kesho hatajua kamwe gari yake inakunywa nini, tena hajui ndani ya ile chupa kuna nini. Esansi iliyochanganywa na petroli ya taa inafanya motere igonge wakati wa kupanda, na ule mugongo unaosikia ni pistoni zinaumia.

Kama hesabu yako imepita lita 10 ku motere ya 1.5, usikimbilie dawa za chupa zinazouzwa eti zinapunguza esansi. Uliza kwanza fundi kama kalorstati iko ndani. Hili ni jambo ninalolipigania: mafundi wengi, gari ikichemka, wanatoa kalorstati na kuitupa. Gari haichemki tena, kila mutu anafurahi. Lakini sasa motere haipati moto wake, hasa asubuhi za baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, na ubongo wake unafikiri bado iko inawashwa, unazidisha esansi siku nzima. Rudisha kalorstati, tafuta sababu ya kweli ya kuchemka: radiatere, vantilatere, maji. Taa ya motere ikiwaka ku tableau nayo usiifunike na skochi. Mara nyingi ni sonde ya lambda, ile inayonusa moshi na kupima esansi.

Kiisha angalia kama kuna maandishi O/D OFF yanawaka. Ku magari mengi ya otomatiki kuna kibutoni ku fimbo ya vitesi. Mutoto ao fundi amekigusa, na gari haipandi tena vitesi ya mwisho. Umetoka Lubumbashi kwenda Likasi, kilomita 120, motere ikipiga kelele bure njia yote. Kibonye, taa izime.

Pine zisizo na upepo nazo zinakula. Presha iko imeandikwa ku mulango wa dereva: 220 kPa maana yake bar 2.2. Mwambie kwado hiyo namba, asipime kwa kupiga teke. Filtri ya hewa, wakati wa vumbi la kiangazi, ifunguliwe kila mwezi kwa anayepita njia za karyeri. Na galeri ya juu, kama hubebi makala, itoe.

Mguu wako je? Kutoka 90 kwenda 120, nguvu ya upepo wa kushindana nao inakuwa karibu mara 1.8. Kwa gari ndogo unaweza kulipa lita 1 na nusu ao 2 zaidi kwa kilomita 100, na kati ya Likasi na Lubumbashi hautashinda hata nusu saa. Wengine wanatia puamo wakati wa kushuka, eti wanaokoa. Operatere wa dumper hafanyi hivyo, anajua ni kifo. Ku motere za injeksio, ukiacha gari ndani ya vitesi na kutoa mguu, esansi inakatwa kabisa. Ukitia puamo, motere inakula ili isizime, na umebaki na freni peke yake.

Bamama wanaosoma hapa, ule ukurasa wa lita na kilomita muushike ninyi. Baba akirudi posti ya usiku amechoka hataandika. Na kama wanne wanatumika posti moja na kukaa kartie moja, zile lita 84 zigawanyeni: 21 kwa kila mutu. Lakini mukubaliane mbele, kwa maandishi, mwenye gari atoe kazi yake ya kuendesha na fulani na fulani watoe nini kwa mafuta ya motere, pine na kwado. Ku biro yetu magomvi ya esansi yanaletwa sana siku ya tarehe 20 ya mwezi, wakati mushahara umekwisha na tanki nayo iko ku taa nyekundu.