Magazini za Nchi Nyingi, Bunduki Moja

Ukiwaamuru askari wa doria moja hapa Kisoko, wilayani Tororo, watandaze turubai chini ya mwembe na kuweka juu yake magazini zote walizo nazo, utaiona historia ya majeshi yetu imelala mbele yako. Ipo ya chuma yenye mbavu, ambayo rangi yake nyeusi imekwisha chubuka. Ipo ya Kichina, mgongo wake bapa. Ipo ya plastiki ngumu, nyekundu kama tofali lililochomwa. Na pengine ipo moja ambayo mwenyewe hawezi kueleza ilifikaje mfukoni mwake. Zote huingia, au hudhaniwa kuingia, katika bunduki ile ile ya AK.

Mchanganyiko huo una sababu zake. Katika miaka ya 1970 utawala wa Idi Amin ulipokea silaha nyingi kutoka Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo kwa sehemu kubwa lilipata silaha na mafunzo kutoka China, liliingia nchini pamoja na wapiganaji wa Uganda, na vita vile vikafika hadi Tororo. Kisha wapiganaji wa NRA, walioanza vita kwa kushambulia Kabamba tarehe 6 Februari 1981, walijipatia sehemu kubwa ya silaha zao kwa kuziteka. Kila utawala ulipoondoka ghala lilibaki, na aliyefuata akaongeza zake juu ya zile alizozikuta.

Sasa askari afikapo dirishani pa ghala hupenda kusema, “Afande, nipatie ya Mrusi.” Ombi hilo lina heshima ndani yake, lakini halina hoja. Mrusi ndiye aliyetoa kielelezo; ila Wachina, Wajerumani wa Mashariki, Wapolandi, Wahungaria, Waromania, Wabulgaria na Wakorea wa Kaskazini walikifuata kielelezo hicho, na magazini zao za risasi 30 za milimita 7.62 hutumika kwa kubadilishana. Magazini iliyotoka kiwanda chenye sifa, ikaangukiwa na lori na kulala kwenye matope miaka kumi, haiifikii ile ya kiwanda kisichojulikana iliyofutwa na kutunzwa.

Kinachostahili kuangaliwa kwanza ni kitu ilichotengenezwa nacho. Magazini za kwanza kabisa za AK zilikuwa za chuma kinene kisicho na mbavu, na kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 430 hivi ikiwa tupu. Za chuma chembamba chenye mbavu zilizofuata zilishuka hadi gramu 330 hivi. Baadaye zikaja za aluminiamu, chini ya gramu 200, ambazo mbebaji huzipenda mpaka siku anapoziangusha juu ya jiwe. Zile nyekundu za plastiki, zenye chuma kwenye midomo, zina gramu 250 hivi na hazili kutu mwilini. Ndizo zinazofaa msimu wa mvua za masika, ambapo askari hulala na unyevu kiunoni. Lakini zichunguze kwa nyufa, maana plastiki hiyo hupasuka ghafla, ilhali chuma hubonyea kwanza na kukupa onyo. Kwa maoni yangu, kwa askari wa doria ya kawaida, chuma chenye mbavu ndicho chaguo la kwanza, bila kujali bendera ya nchi kilikotoka.

Magazini za Yugoslavia zinahitaji neno lake. Nyingi kati ya hizo hushikilia bolti nyuma risasi ya mwisho inapotoka, na askari hujua papo hapo kwamba ameishiwa. Ni jambo jema kwa aliyelizoea. Hatari huja anapochanganya mfuko: mbili za namna hiyo na mbili za kawaida. Gizani atangoja bolti isimame, nayo haitasimama. Atakachosikia ni mlio mkavu wa nyundo juu ya chemba tupu, naye adui yu hatua ishirini.

Wala usidanganywe na sura. Bunduki ya Chekoslovakia iitwayo Vz. 58 hutumia risasi ile ile ya AK, na magazini yake ina mkunjo kama wa ndugu yake. Lakini si ndugu. Haikai katika AK, na kuilazimisha kwa tupa ni kuharibu vitu viwili kwa pamoja. Kadhalika magazini ya AK-74, ambayo ni ya risasi za milimita 5.45, haina kazi katika bunduki zetu za 7.62.

Basi, fundi wa silaha na mwenye bunduki wakae pamoja. Tazameni midomo ya magazini: ikiwa imepanuka au upande mmoja umeinama, iwekeni kando. Bonyezeni kibao kinachosukuma risasi kwa kidole, mkikiachilia kipande chote bila kusita. Ipachikeni magazini katika bunduki ile ile itakayokwenda nayo doria, maana komeo la bunduki iliyochakaa huweza kuikataa magazini nzima. Halafu uwanjani pa shabaha zipigwe risasi zote 30. Iandikwe namba kwa rangi. Ikikwama mara mbili, irudi ghalani ikiwa na namba yake, asije mwenzako akaipokea kesho kama mpya.

Iko desturi ya kufunga magazini mbili kwa utepe, moja ikitazama juu na nyingine chini. Katika sinema hupendeza. Katika njia za ng'ombe za Kisoko, askari anapolala kifudifudi, ile ya chini huchota udongo kwa midomo yake, na udongo huo ndio utakaoingia kwenye chemba. Wengine hujaza mafuta ndani wakidhani wanaizuia kutu. Mafuta hayo hunasa vumbi. Kitambaa kikavu kinatosha ndani, na mafuta kidogo sana nje.

Wenzetu wa upande wa pili wa mpaka, Busia na Malaba, wana hesabu nyingine. G3 hutumia risasi ndefu zaidi, ya milimita 7.62 kwa 51, na magazini yake ya kawaida hubeba 20. Katika kazi ya pamoja hakuna cha kuazimana. Wazee wa Jeshi la Kenya waliobeba SLR ya Uingereza watakumbuka fumbo jingine: magazini ya FAL ya Ubelgiji iliingia katika SLR, ingawa kwa kulegea, lakini ya SLR haikuingia katika FAL, kwa kuwa kishikio chake cha mbele ni kikubwa zaidi.

Zilizokataliwa zisitupwe kichakani wala kupewa watoto wachezee. Uganda na Kenya zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, na magazini mbovu ikitupwa mpakani hupata mwenye kuinyoosha kwa koleo. Ihesabiwe, iandikwe daftarini, kisha ikatwe vipande viwili mbele ya ofisa.