USISEME "NI MAFUA TU"



Katika miezi ya Juni na Julai upepo wa usiku huwa baridi. Vumbi nalo ni jingi. Watu hufunga milango na madirisha mapema. Katika nyumba nyingi za Mwanza, Sengerema na Ukerewe utasikia chafya na kikohozi. Ukiuliza, utajibiwa, "Ni mafua tu."

Kwa mtu mzima mwenye nguvu, mara nyingi ni kweli. Baada ya wiki moja hivi atapona. Lakini kwa mtoto mdogo, mzee au mama mjamzito, mafua makali yanaweza kuleta nimonia. Nimonia ni ugonjwa wa mapafu, nao huua.

Mwaka 1918 na 1919 homa ya mafua ilienea duniani kote. Iliua mamilioni ya watu. Hapa nchini pia iliua maelfu. Siku zile hapakuwa na dawa ya nimonia. Leo dawa ipo. Kazi yetu ni kumfikisha mgonjwa mapema.

MAFUA HULETWA NA NINI?

Baridi peke yake haileti mafua. Mafua huletwa na vijidudu vidogo sana viitwavyo virusi. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, hurusha matone yenye vijidudu hivyo. Aliye karibu huyavuta kwa pumzi. Pengine mgonjwa hupangusa kamasi kwa mkono, kisha hushika kikombe au humsalimu mwenzake. Vijidudu huhamia kwa mwingine.

Tazama makambi ya wavuvi visiwani. Watu wengi hulala katika kibanda kimoja. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, na wengi hurudi nyumbani. Mmoja akiwa na mafua, atawaambukiza mkewe na watoto.

TUJIKINGE NAMNA GANI?

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni. Tundika kibuyu chirizi karibu na choo na karibu na jiko.

2. Ukikohoa au ukipiga chafya, ziba mdomo na pua kwa kitambaa au kwa kiwiko. Usiteme makohozi ovyo.

3. Fungua madirisha mchana ili hewa ipite.

4. Mwenye mafua asilale na mtoto mchanga. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, lakini anawe mikono na afunge kitambaa mdomoni na puani.

5. Usipike kwa kuni huku umembeba mtoto mgongoni. Moshi huumiza mapafu yake. Vivyo hivyo moshi wa kukaushia samaki.

6. Mpeleke mtoto kliniki apate chanjo. Chanjo ya kukinga nimonia hutolewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14.

7. Kula vizuri. Dagaa, maharage, matembele, mapapai na machungwa hutupa nguvu ya kupambana na maradhi.

MGONJWA ATUNZWE VIPI?

Apumzike. Anywe uji, chai, mchuzi wa samaki na maji yaliyochemshwa. Maji ya ziwa yasiyochemshwa huleta maradhi mengine. Panadoli hupunguza homa, lakini fuata kipimo cha umri. Mtoto asipewe aspirini. Asali ni nzuri kwa kikohozi, lakini asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1. Usimfukize mtoto kwa chungu cha maji ya moto, maana anaweza kuungua.

Usinunue vidonge vya rangi mbili dukani ili kutibu mafua. Dawa hizo haziui virusi. Tukizitumia ovyo, zitashindwa siku tutakapozihitaji.

HESABU PUMZI ZA MTOTO

Hili kila mzazi aliweze. Mtoto akiwa ametulia, funua kifua chake. Hesabu anavyopumua kwa dakika 1 nzima. Tumia saa au simu. Pumzi ni za haraka zikifika:

– 60 au zaidi, mtoto wa chini ya miezi 2;
– 50 au zaidi, mtoto wa miezi 2 hadi 11;
– 40 au zaidi, mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Akipumua haraka hivyo, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Fanya hivyo pia akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kulala mno. Mtoto mwenye homa apimwe malaria pia. Na mtu yeyote anayekohoa zaidi ya wiki 2 apimwe kifua kikuu.

Mara nyingi mama huchelewa kwa kuwa baba yuko ziwani na nauli hakuna. Baba, kabla ya kwenda kambini, acha nyumbani nauli ya mtumbwi au ya gari. Mwambie mama kwamba asikungoje. Jirani, mkopeshe mwenzako. Nimonia ya mtoto haingoji mbalamwezi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Je, kila nyumba kijijini kwetu ina kibuyu chirizi?
2. Mtoto akiugua usiku, nani atampeleka zahanati, na kwa chombo gani?
3. Wavuvi wafanye nini ili wasilete mafua nyumbani?

Kinga ni bora kuliko tiba.