Nyama Inapopungua Mezani: Nini Kichukue Nafasi Yake?

Mwezi unapoelekea ukingoni, kilo ya nyama huwa nusu kilo, nusu kilo huwa robo, na robo hatimaye hubaki kuwa mchuzi. Familia nyingi zinaifahamu safari hiyo. Zipo pia familia zinazopunguza nyama kwa hiari: baba ameshauriwa na daktari, kijana ameamua kubadili ulaji wake, ni kipindi cha Kwaresima, au ni nyumba ya waumini wa Kisabato, ambao baadhi yao hawali nyama kabisa. Sababu ni tofauti, lakini swali linalofuata sufuria inapoinjikwa ni moja: nyama ikitoka, nini kiingie?

Makala haya yanajibu swali hilo. Hatukusudii kumkataza mtu kula nyama, wala kumshawishi aiache. Tunachosema ni kwamba afya ya familia haitegemei sana kile kilichoondolewa sufuriani; hutegemea zaidi kile kilichowekwa badala yake. Familia mbili zinaweza kupunguza nyama siku moja, moja ikanufaika na nyingine ikadhoofika, kwa sababu ya kibadala tu.

Nyama hutupatia nini?

Nyama hutoa virutubishi vingi, lakini mlaji anayetaka kuipunguza akumbuke vitatu. Cha kwanza ni protini, inayojenga na kukarabati mwili. Cha pili ni madini, hasa chuma na zinki. Chuma hutengeneza damu, na zinki husaidia ukuaji na kinga ya mwili. Cha tatu ni vitamini B12, inayohitajika katika kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Kitoweo kinachochukua nafasi ya nyama kinapaswa kupimwa kwa mambo hayo matatu.

Kwa kipimo hicho, mchuzi mtupu haufui dafu. Mchuzi wa nyama una ladha na mafuta, lakini sehemu kubwa ya protini na chuma hubaki kwenye mnofu. Mtoto anayemiminiwa mchuzi juu ya ugali huku minofu ikiliwa na wakubwa hajala nyama, hata kama sahani yake inanukia nyama. Hali ni hiyo hiyo kwa unga na vidonge vya kukoleza mchuzi vyenye ladha ya ng'ombe au kuku. Maneno "ladha ya" katika kifungashio hayamaanishi kwamba nyama imo, na kiambato kikuu cha bidhaa hizo mara nyingi ni chumvi.

Soseji nazo zisichukuliwe kuwa njia ya kupunguza nyama. Mwaka 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama zilizosindikwa, zikiwamo soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nyama nyekundu iliwekwa katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha. Anayeacha nusu kilo ya nyama ya bucha ili anunue soseji kwa sababu moja moja huonekana rahisi hajapata nafuu ya afya.

Kilo ya maharage na kilo ya nyama

Kibadala cha kwanza hakihitaji kutafutwa mbali. Maharage makavu yana takriban gramu 22 za protini katika kila gramu 100. Nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mfupa wala mafuta mengi ina takriban gramu 20 hadi 22. Kwa hiyo kilo ya maharage makavu inakaribiana kwa protini na kilo ya mnofu, na yakiiva hufikia zaidi ya kilo mbili za chakula. Kunde, choroko, dengu, mbaazi na njugu mawe ziko katika jamii hiyo hiyo. Mlaji akipita sokoni alinganishe mwenyewe bei ya kilo ya vyakula hivyo na bei ya kilo ya nyama, akikumbuka kwamba nyama mara nyingi hupimwa pamoja na mfupa.

Protini ya kunde na ya nafaka hukamilishana: kinachopungua katika mahindi au mchele hupatikana katika maharage, na kinachopungua katika maharage hupatikana katika nafaka. Ndiyo maana makande, wali kwa maharage na ugali kwa kunde ni milo kamili kuliko inavyodhaniwa. Kosa ni pale maharage yanapokuwa vijiko viwili pembeni mwa mlima wa ugali. Kitoweo kisicho na nyama kinahitaji kuongezwa kipimo katika sahani.

Madini chuma na kikombe cha chai

Maharage na mboga za majani vina chuma, lakini chuma cha mimea hufyonzwa na mwili kwa kiasi kidogo kuliko kile cha nyama. Mlaji anaweza kuongeza ufyonzwaji huo bila gharama kubwa. Vyakula vyenye vitamini C vikiliwa katika mlo huo huo husaidia: kachumbari yenye nyanya na ndimu, chungwa, pera, au kipande cha embe. Chai na kahawa hufanya kinyume. Huzuia chuma kisifyonzwe. Familia iliyozoea kunywa chai pamoja na chakula inashauriwa kusubiri walau saa moja baada ya kula.

Kuloweka maharage na kumwaga maji yake pia husaidia, kwa kuwa hupunguza vitu vinavyoshikilia madini. Magadi, kwa upande mwingine, huivisha maharage haraka lakini huharibu baadhi ya vitamini na kuongeza sodiamu. Kuloweka usiku kucha huokoa kuni, mkaa au gesi bila hasara hiyo.

Vitamini B12: pengo lisilozibwa na mimea

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji awe makini zaidi. Vitamini B12 kwa asili hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama: nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Maharage, mchicha, uyoga na soya, hata vikiliwa kwa wingi, haviwezi kutegemewa kuitoa, isipokuwa bidhaa iwe imeongezewa kiwandani na lebo ikasema hivyo.

Anayepunguza nyama lakini anaendelea kula mayai, maziwa, samaki au dagaa mara kwa mara hana sababu ya kuhofu. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Dagaa wanaoliwa wazima na miiba yake hutoa pia kalsiamu. Lakini anayeacha vyote hivyo anahitaji bidhaa zilizoongezewa B12 au vidonge, kwa ushauri wa mtaalamu wa afya. Upungufu wake hujificha. Mwili wa mtu mzima una akiba inayoweza kudumu kwa miaka, na dalili, kama vile uchovu, upungufu wa damu, ganzi mikononi na miguuni, huweza kuja wakati mishipa ya fahamu imekwisha kudhurika.

Mtoto mchanga hana akiba kama hiyo. Mama mwenye upungufu wa B12 humpa mtoto kiasi kidogo, tangu tumboni hadi katika maziwa yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unapendekeza wapewe kila siku vyakula vitokanavyo na wanyama, kama nyama, samaki au mayai. Kwa hiyo, nyumba inayolazimika kupunguza nyama kwa sababu ya kipato ianze kupunguza katika sahani za watu wazima. Kidogo kilichopo, iwe ni yai moja, dagaa waliosagwa au kipande cha mnofu kilichopondwa, kitangulie kwa mtoto mdogo na kwa mama mjamzito au anayenyonyesha. Desturi ya kumpa mkubwa mnofu na mdogo mchuzi ina heshima yake, lakini kwa lishe imepinduka.

"Nyama ya soya" na usomaji wa lebo

Vipande vikavu vya soya, ambavyo wengi huviita nyama ya soya, vimekuwa kitoweo cha kawaida madukani. Ni chakula chenye manufaa, ila kina hesabu inayowachanganya walaji. Lebo husema gramu 100 zina takriban gramu 50 za protini, na muuzaji hukazia kwamba hiyo ni zaidi ya mara mbili ya nyama. Ni kweli kwa vipande vikavu. Vikilowekwa hunywa maji na uzito wake huongezeka mara mbili hadi tatu, hivyo protini katika gramu 100 zilizoiva hushuka kwa kadiri hiyo. Linganisha kikavu kwa kikavu, na kilichopikwa kwa kilichopikwa.

Kabla ya kununua bidhaa yoyote inayouzwa badala ya nyama, soma mambo yafuatayo katika kifungashio:

1. Orodha ya viambato. Viambato hutajwa kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi. Ikiwa cha kwanza ni wanga au mafuta na soya ni ya mwisho mwisho, basi unanunua wanga au mafuta.

2. Vyakula vinavyoleta mzio. Bidhaa hizi mara nyingi zina soya, ngano au karanga, na nyingine zina maziwa au mayai. Mwenye mzio, na asiyekula kabisa vitokanavyo na wanyama, wote wana sababu ya kusoma.

3. Chumvi. Lebo ikitaja sodiamu, zidisha mara 2.5 upate chumvi. Miligramu 600 za sodiamu ni gramu 1.5 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kutoka vyakula vyote.

4. Uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bidhaa inayopimwa kutoka gunia lililo wazi haikupi taarifa hizo, na ikikudhuru ni vigumu kufuatilia ilikotoka.

5. Madai ya sifa. "Haina lehemu" ni kweli kwa soya, lakini ni kweli pia kwa maharage ya sokoni, kwa kuwa mimea haina lehemu ya kutajika. Dai la kweli linaweza kutumika kupandisha bei bila kuongeza thamani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Usalama jikoni

Nyama mbichi ina hatari zake, lakini vibadala navyo vina masharti. Maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hata maharage manne au matano mabichi yanaweza kumsababishia mtu kutapika na kuharisha. Yaloweke kwa saa 12, mwaga maji, kisha yachemshe kwa moto mkali walau dakika 10 kabla ya kupunguza moto hadi yaive. Anayetumia kikapu cha kuhifadhi joto ayahamishe baada ya mchemko huo, si kabla.

Karanga ni msaada mkubwa katika mboga za majani, lakini hushambuliwa kwa urahisi na ukungu unaotoa sumukuvu. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Upikaji wa kawaida hauiondoi sumu hiyo. Chambua na utupe karanga zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, wala usizisage kwa kudhani kwamba kusaga kutaficha kasoro. Kinachofichika ni kasoro machoni tu, sumu hubaki.

Soya iliyolowekwa na maharage yaliyoiva huharibika kama nyama. Kama hakuna jokofu, pika kiasi kinacholiwa siku hiyo, na kiporo kichemshwe upya hadi kitokote.

Anza kidogo

Familia isiyozoea haina haja ya kubadili kila kitu kwa wiki moja. Anza kwa kuchanganya: robo ya nyama iliyokatwa ndogo ndogo ndani ya sufuria ya maharage au dengu hutosha watu wengi zaidi, na nyama hiyo ndogo husaidia chuma cha maharage kifyonzwe. Kisha tenga siku mbili za kunde na mboga za majani, siku ya mayai na siku ya dagaa. Tumbo linalojaa gesi mwanzoni huzoea taratibu, hasa maharage yakilowekwa na maji yake kumwagwa.

Ukinunua bidhaa iliyopita muda wake, isiyo na lebo, au yenye maelezo unayoyatilia shaka, usiitupe kwa hasira. Hifadhi kifungashio pamoja na risiti, andika mahali na tarehe uliyonunua, kisha ufikishe taarifa katika ofisi yetu iliyo karibu nawe au kwa afisa afya wa eneo lako. Kifungashio kimoja chenye namba ya toleo hutuwezesha kufuatilia shehena nzima kabla haijaingia katika sufuria za wengine.