Dampo la kisasa siyo shimo la taka: Hivi ndivyo linavyofanya kazi

Gari la taka likishapita mtaani, iwe Tandale, Mbezi au Mbagala, wengi wetu tunaona kazi imeisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Kiroba chako bado kina safari ya kwenda Pugu Kinyamwezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako Jiji limekuwa likimwaga taka tangu dampo la Mtoni, Temeke, lilipofungwa mwaka 2007.

Tunasikia kila siku kwamba Dar inahitaji "dampo la kisasa". Lina tofauti gani na jalala la kawaida?

Dampo linalohamahama

Kabla ya Mtoni kulikuwa na Vingunguti, na kabla yake Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walichoka na moshi, harufu na nzi, wakaenda Mahakama Kuu na kushinda. Wakazi wa Kunduchi Mtongani, Kinondoni, nao walifungua kesi mwaka 1991 baada ya taka kupelekwa kwao. Wakashinda pia.

Jalala lilihama, tatizo likabaki lilelile: taka kumwagwa juu ya ardhi tupu, jirani na nyumba za watu.

Maadui wawili: maji na gesi

Unayajua yale maji meusi yanayochuruzika nyuma ya gari la taka? Sasa piga picha mlima mzima unaochuruzika hivyo.

Sehemu kubwa ya taka zetu za nyumbani na sokoni ni maganda, majani na mabaki ya chakula. Vikioza na kunyeshewa mvua, vinatoa maji yenye vimelea, na yakipita kwenye betri na vifaa chakavu yanabeba pia madini yenye sumu. Maji hayo yakizama ardhini, yanaweza kufika kwenye kisima cha jirani.

Adui wa pili ni gesi ya methane. Inatoka pale taka zinapooza bila kupata hewa. Inashika moto haraka, na kwa kipindi cha miaka 100 inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kiasi kilekile cha hewa ukaa.

Linavyofanya kazi

1. Sakafu. Chini kunashindiliwa udongo wa mfinyanzi, juu yake inatandikwa plastiki nzito ili maji machafu yasizame.

2. Mabomba. Juu ya plastiki kuna mabomba yenye matundu. Yanakusanya maji machafu na kuyapeleka kwenye mabwawa ya kuyatibu.

3. Mzani getini. Kila gari linapimwa na kukaguliwa. Taka za hospitali na kemikali hazichanganywi na za nyumbani.

4. Kushindilia na kufunika. Taka zinamwagwa eneo dogo tu kwa siku. Buldoza linazishindilia, na jioni zinafunikwa kwa udongo. Hapo nzi, harufu, moto na maji ya mvua vinapungua.

5. Kuvuna gesi. Mabomba yanaitoa methane ili ichomwe au izalishe umeme. Mtoni, baada ya kufungwa, ulijengwa mradi wa kukusanya gesi hiyo na kuichoma.

6. Visima vya kupima. Vinachimbwa kuzunguka dampo ili kujua kama maji ya ardhini yako salama. Upimaji unaendelea miaka mingi hata baada ya dampo kufungwa.

Siyo ndoto. Dodoma wana dampo la aina hii Chidaya, na Tanga na Mtwara nako yalijengwa.

Funzo la Kiteezi

Lakini kujenga ni nusu tu ya kazi. Dampo la Kiteezi, Kampala, lilianza mwaka 1996 likiwa limekusudiwa kuwa la kisasa. Likajaa, na magari yakaendelea kumwaga. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka uliporomokea nyumba za jirani na kuua watu zaidi ya 30.

Kwa maneno mengine, plastiki na mabomba peke yake haviokoi mtu. Udongo wa kufunikia ukikosekana, buldoza likiharibika likaachwa, au dampo likijaa na geti likabaki wazi, dampo la kisasa linageuka jalala.

Wewe unaingiaje hapo?

Anza na kiroba chako. Tenga maganda na mabaki ya chakula, maana hayo ndiyo yanayozaa maji machafu na gesi. Kinondoni kuna kiwanda Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, kinachogeuza taka za sokoni kuwa mbolea. Kila tani inayoishia kuwa mbolea ni tani moja pungufu dampo. Betri nazo usizichanganye na taka za jikoni.

Halafu uliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa halmashauri jukumu la kusimamia taka ngumu, na wewe unalipa ada ya taka. Kwenye mkutano wa mtaa, muulize diwani wako maswali matatu: taka zetu zinafunikwa kwa udongo kila siku? Maji ya visima vya jirani na dampo yanapimwa? Dampo likijaa, mpango ni upi?